Breki ya Rimu Inapoteleza: Ushauri kwa Wenye Baiskeli za Trialsi

Kwenye baiskeli ya kawaida, kazi ya breki ni kupunguza mwendo. Kwenye baiskeli ya trialsi mara nyingi hakuna mwendo wa kupunguza. Mwendeshaji amesimama kwa gurudumu la nyuma peke yake ukingoni mwa jiwe, gurudumu la mbele liko hewani, na kinachomzuia asirudi nyuma akaanguka ni kidole kimoja kilichobana mkono wa breki. Rimu ikiponyoka kwa sentimita mbili tu, mguu umeshagusa chini na alama zimeshapotea. Siku mbaya, kinachogusa chini ni mgongo. Ndiyo maana mtu wa trialsi haridhiki na breki inayoshika kiasi. Anataka breki inayofunga gurudumu kabisa kwa kidole kimoja, kwenye ukavu na kwenye maji, na inayoachia papo hapo anapotaka iachie.

Makala haya ni kwa mwenye baiskeli ya namna hiyo ambayo breki yake ya rimu haishiki. Mwenye baiskeli ya kawaida yenye breki za rimu atapata mengi ya kumfaa pia, isipokuwa sehemu moja ambayo nitamwomba asiiguse.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: trialsi ni kuvuka mawe, magogo, mapipa na kuta ukiwa juu ya baiskeli bila kuweka mguu chini. Ulianzia Katalunya, Hispania, katika miaka ya 1970, kwa kuiga mashindano ya pikipiki. Pere Pi, aliyekuwa mtu wa kampuni ya pikipiki ya Montesa, na mwanawe Ot ndio majina yanayotajwa kwanza kila chimbuko lake linaposimuliwa. Wengi wetu tuliujua kupitia Danny MacAskill, Mskoti aliyekuwa fundi wa baiskeli dukani Edinburgh wakati video yake ilipotoka Aprili 2009 na kutazamwa dunia nzima. Huyo huyo, akiwa na Hans Rey, bingwa wa zamani wa mchezo huu, alikuja kwetu mwaka 2016 wakapandisha baiskeli Mlima Kenya na Kilimanjaro. Kule walikuwa na baiskeli za milimani, lakini ustadi wa kusimama juu ya jiwe na kugeuza baiskeli pale pale waliupata kwenye trialsi.

Watu huuliza kwa nini baiskeli nyingi za trialsi bado zina breki ya rimu nyuma, wakati baiskeli za milimani zimehamia kwenye diski. Jibu ni hesabu nyepesi. Kwenye gurudumu la inchi 26, pedi inashika rimu umbali wa karibu sentimita 27 kutoka kwenye ekseli. Diski ya milimita 160 inabanwa umbali wa sentimita 7 na nusu hivi. Kulizuia gurudumu lisizunguke kunategemea nguvu ya msuguano pamoja na umbali wake kutoka katikati, kwa hiyo diski inahitaji msuguano wa zaidi ya mara tatu ili izuie sawa na rimu. Tena rimu iko jirani na tairi. Nguvu haipiti kwenye habu na spoku kabla ya kufika chini, kwa hiyo gurudumu halina ule mchezo mdogo wa kwenda mbele na nyuma unaohisiwa kwenye diski. Kwa mtu anayerukaruka kwa gurudumu moja, mchezo ule ni adui. Breki ya rimu ikiteleza, basi, usikimbilie kusema imepitwa na wakati. Kuna mahali nguvu ya kidole chako inapotea kabla haijafika kwenye rimu, au imefika na rimu ikaikataa.

Kujua ni lipi kati ya hayo mawili ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu ambayo watu wengi wanairuka. Wananunua pedi mpya, zikiteleza wananunua nyingine za bei kubwa zaidi, kumbe mkono wa breki una upepo ndani. Au wanatoa upepo mara kwa mara kumbe rimu imepakwa mafuta. Fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Iegemeze baiskeli ukutani kwa gurudumu la mbele, bana breki ya nyuma kwa kidole kimoja kwa nguvu unayotumia siku zote, kisha weka mguu kwenye pedali iliyo mbele na uegemeze uzito wako wote taratibu. Macho yako yawe kwenye pedi. Mkono wa breki ukiwa mgumu kama umegonga ukuta na rimu bado inapita katikati ya pedi, tatizo liko kwenye ngozi ya rimu au ya pedi. Mkono ukizama hadi karibu na hendeli, au ukiwa mlaini kama unabana sifongo, nguvu inapotelea njiani: kwenye upepo, kwenye fremu inayopanuka, au kwenye pedi iliyokaa upande. Kisha geuza jaribio: inua gurudumu la mbele na uirudishe baiskeli nyuma kwa nguvu breki ikiwa imebanwa. Wapo wanaoshangaa kukuta breki inashika kwenda mbele lakini inaponyoka kurudi nyuma. Hiyo mara nyingi ni silinda inayosukuma pedi ikizunguka kidogo ndani ya kibano chake, au pedi iliyoshika kwa ncha moja tu, na hakuna pedi mpya itakayoiponya.

Tuanze na rimu na pedi kwa sababu huko ndiko kosa linakojificha mara nyingi.

Uchafu unaoua breki hauonekani kwa macho. Utando mwembamba wa oili iliyoruka kutoka kwenye cheni, dawa ya kung'arisha tairi, hata jasho na mafuta ya vidole, vinatosha. Mafundi wengi wa mitaani husafisha kila kitu kwa mafuta ya taa au dizeli. Kwa cheni ni sawa. Kwa rimu ni kosa kubwa, kwa maana mafuta hayo yenyewe huacha utando yakikauka. Tumia spiriti au asetoni. Loweka kitambaa cheupe safi, pangusa ukuta wa rimu, geuza upande safi wa kitambaa, pangusa tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kitambaa cheusi kinatumiwa na watu wengi kwa sababu hakionyeshi uchafu, na ndiyo sababu hiyo hiyo hakifai. Ukishamaliza usiiguse rimu kwa mkono mtupu.

Pedi nazo zitoe. Pedi iliyotumika muda mrefu kwenye rimu laini hupata uso unaong'aa kama kioo, na uso huo hauumi kitu. Tandika msasa juu ya kipande cha kioo au kigae kilichonyooka, uso juu, kisha sugua pedi kwa kuzungusha mpaka mng'ao wote uishe na rangi iwe moja. Usiusugue msasa kwa mkono juu ya pedi, utaitia mgongo. Angalia pia kama kuna vipande vya alumini vilivyozama ndani ya pedi, vinameta kama mchanga. Vitoe kwa ncha ya kisu. Pedi iliyokunywa mafuta itupe. Unaweza kuikata safu ya juu na kuipa maisha mafupi, lakini mafuta yaliyozama hupanda tena siku ya jua kali, na siku hiyo haitakutangulizia taarifa.

Baada ya usafi, pedi inakaaje? Hapa kuna kipimo ambacho kila mwenye breki ya rimu anapaswa kukijua. Chukua chaki au kalamu ya wino mzito, paka uso wote wa pedi zote mbili. Zirudishe, kisha sukuma baiskeli hatua chache huku umebana breki kwa nguvu. Toa pedi uzitazame. Pale rangi ilipofutika ndipo pedi inapofanya kazi. Pale ilipobaki, pedi ni pambo. Nimeona pedi mpya kabisa, ya bei, imefutika kwenye ukanda mwembamba wa upande wa juu tu, na mwenyewe analalamika kwamba pedi ni feki. Legeza bolti za vibano, isukume silinda mpaka uso wa pedi ulale sambamba na ukuta wa rimu, kaza kidogo kidogo kwa kupokezana bolti moja na nyingine, kisha paka rangi tena. Rudia mpaka ifutike uso mzima. Ni kazi ya kuchosha. Lakini breki iliyopangwa hivyo na pedi za kawaida inashinda breki yenye pedi za mashindano zilizokaa upande.

Breki za trialsi zinazosukumwa na mafuta, kama HS33 ya Magura ya Ujerumani ambayo imekuwa kwenye baiskeli hizi kwa miaka mingi, zina pistoni mbili zinazotazamana na kusukuma pedi moja kwa moja. Hilo ni jema, kwa sababu ukishaipanga pedi sambamba inabaki sambamba hata ikilika. Breki za mikono miwili, zile zinazovutwa na waya juu ya tairi, pedi yake huenda kwa mwendo wa upinde: ikilika, inapanda au kushuka kwenye rimu. Mwenye hizo arudie kipimo cha rangi mara kwa mara, na ahakikishe pedi haijaanza kugusa tairi.

Fremu pia hupanuka. Muombe mtu abane breki ya nyuma kwa nguvu huku wewe umechutama nyuma ya gurudumu, ukitazama mabomba mawili ya fremu yanayobeba silinda. Ukiyaona yanafunguka kama mkasi kila breki inapobanwa, nguvu ya kidole inatumika kutanua chuma badala ya kubana rimu. Dawa yake ni bamba la umbo la kwato la farasi linalofungwa juu ya silinda zote mbili na kuzifunga pamoja zisiachane. Fremu nyingi za trialsi za siku hizi ni nene kiasi cha kutolihitaji, lakini za zamani na zile zilizogeuzwa kutoka baiskeli ya milimani zinalihitaji sana. Hakikisha bamba ni gumu kweli. Lile la plastiki la kurembesha halisaidii kitu.

Sasa tuje kwenye jambo linaloitofautisha breki ya trialsi na nyingine zote, nalo ndilo sehemu niliyosema mwenye baiskeli ya kawaida asiiguse: kusaga rimu kwa grinda. Waendeshaji wa trialsi huukwaruza ukuta wa rimu makusudi, ili pedi ngumu ya plastiki ipate meno ya kung'ata. Rimu iliyosagwa vizuri inashika kwa namna ambayo mtu aliyezoea rimu laini haamini mpaka ajaribu, na kwenye maji tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu mikwaruzo huyapa maji mahali pa kwenda badala ya kubaki kama utando chini ya pedi.

Lakini rimu ya trialsi imetengenezwa na ukuta mnene unaostahimili hilo. Rimu ya baiskeli ya kawaida haikutengenezwa hivyo. Ukuta wake ni mwembamba, unalika kila siku kwa breki zenyewe, na upepo wa tairi unausukuma nje muda wote. Ukiusaga unaweza kupasuka ukiwa barabarani. Weka rula imara ukutani mwa rimu: ukiona mwanga katikati, yaani ukuta umeshaliwa na kuwa na bonde, rimu hiyo inahitaji kubadilishwa hata kama hukuwahi kuwa na wazo la kuisaga. Rimu zenye alama ya kulika, kishimo au mfereji mdogo unaozunguka, zinakwambia zenyewe: mfereji ukitoweka, muda wake umekwisha. Usisage rimu yenye utando wa kauri, wala rimu ya chuma iliyotiwa kromu kama zile za baiskeli za mizigo. Kromu ikibanduka, kutu inaingia.

Kwa mwenye rimu inayofaa, kazi huenda hivi. Toa tairi na tyubu, acha gurudumu kwenye fremu lizunguke kwa uhuru, toa pedi na uzifunike silinda kwa kitambaa. Grinda ndogo ya mkono inatosha. Tumia jiwe lililotengenezwa kwa ajili ya alumini, kwani jiwe la chuma hujazwa na alumini laini, linachemka, na linaweza kupasuka. Vaa miwani inayoziba pembeni, glavu, na kitu cha kuziba pua, kwa sababu vumbi la alumini si la kuvuta. Kinga ya grinda isiondolewe kwa sababu yoyote.

Shika grinda kwa mikono miwili na uguse rimu kwa ukingo wa jiwe, kwa mguso mwepesi unaodumu chini ya sekunde, kwa mshazari. Inua, sogea milimita chache, gusa tena. Unataka mikwaruzo mifupi, ya kina kidogo, iliyopangana karibu karibu kwa pembe ile ile kuzunguka rimu nzima. Watu hukosea kwa kukandamiza. Wakikandamiza, wanachimba mabonde yaliyo mbalimbali, na pedi inaruka kutoka bonde moja hadi jingine. Gurudumu linatetemeka na fremu inanguruma, lakini halishiki. Mikwaruzo mizuri ukiipitishia kidole unaihisi kama tupa mpya, na ukiitazama kwa upande dhidi ya mwanga, haioneshi shimo lolote linalozidi jirani zake. Maliza upande mmoja kwanza, kisha mwingine kwa mwelekeo ule ule. Mwishoni pitisha kipande cha msasa kikavu kwa wepesi sana kuondoa vimiba vilivyosimama, maana hivyo ndivyo vinavyochana pedi siku ya kwanza na kukufanya uamini kwamba pedi ni laini. Pangusa kwa spiriti kabla ya kurudisha tairi.

Mikwaruzo mikali inauma zaidi lakini inakula pedi haraka na inapiga kelele. Mikwaruzo laini hutulia, ila huchakaa mapema. Mimi huwashauri wanaoanza waanze na laini. Ni rahisi kuiongeza ukali wiki ijayo kuliko kuurudisha unene wa ukuta uliokwisha kuuondoa. Na kabla ya kusaga tena kila breki inapolegea, jaribu brashi ya waya kwanza. Mara nyingi mikwaruzo bado ipo, imejaa tu unga wa pedi.

Pedi ifuate rimu. Rimu iliyosagwa inataka pedi ngumu ya poliyurethani. Raba laini itasagwa kama unga. Rimu laini inataka raba laini. Ile ngumu itateleza juu yake kama sabuni. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, mtu akinunua pedi aliyoiona kwa bingwa bila kuuliza bingwa yule ana rimu ya aina gani. Angalia pia mgongo wa pedi. Wa alumini haupindi chini ya nguvu, wa plastiki nyembamba hupinda, na mpindo huo unauhisi kwenye mkono wa breki kama ulaini usioelezeka hata baada ya kutoa upepo wote. Pedi mpya isihukumiwe siku ya kwanza. Iendeshe ukiwa umebana nusu kwa umbali mfupi mara kadhaa, mpaka uso wake ufanane na rimu.

Wapo wanaopaka lami kwenye rimu laini, tone dogo linalosuguliwa mpaka libaki utando unaonata. Inashika, siwezi kukataa, na kwa asiye na grinda ni njia. Siipendi kwa sababu lami hukusanya vumbi na nyuzi, hubadilika na joto la siku, na tone likizidi kidogo unakuwa na rimu ya kuosha jioni nzima. Ukiitumia, usiipake kwenye rimu iliyosagwa: itaziba meno uliyoyatafuta kwa jasho.

Ikiwa jaribio la mwanzo lilionyesha mkono mlaini, twende kwenye mafuta yaliyo ndani ya breki. Breki za rimu za Magura hutumia mafuta ya madini. Mafuta ya breki ya magari, yale ya DOT 3 na DOT 4 yanayouzwa kila duka la spea, hayafai kabisa. Yataziharibu sili za ndani, zitavimba, na mkono utaanza kukwama kisha kuvuja. Sisitiza hili kwa fundi kabla hujamwachia baiskeli, kwa sababu kwa fundi wa magari au pikipiki mafuta ya breki ni ya aina moja tu, na atakuwekea kwa nia njema kabisa.

Waendeshaji wengi wa trialsi huondoa mafuta na kuweka maji. Maji ni mepesi, mkono unakuwa laini kuvuta na unarudi haraka, na kwenye nchi za baridi huyachanganya na dawa ya kuzuia kuganda. Huku kwetu kuganda si tatizo, lakini kutu na sili kukosa ulainisho ni tatizo. Kwa anayeshindana na kufungua breki yake mara kwa mara, maji yaliyochemshwa na kupoa yanafaa. Kwa anayetaka kuifunga na kuisahau kwa miezi, abaki na mafuta.

Kutoa upepo hakuhitaji mitambo, kunahitaji mabomba mawili ya sindano, vipande vya mpira mwembamba vinavyobana vizuri, na utulivu. Kwanza legeza mpaka mwisho ile skrubu ya kwenye mkono inayosogeza pedi karibu, ili pistoni zirudi ndani kabisa. Geuza baiskeli au hendeli mpaka tundu la kwenye mkono liwe ndilo mahali pa juu kuliko pote kwenye njia ya mafuta. Funga bomba lililojaa kwenye silinda ya chini, bomba tupu kwenye mkono, na usukume mafuta kutoka chini kwenda juu, taratibu. Upepo hupenda kupanda, msaidie. Gongagonga mpira na silinda kwa mpini wa bisibisi, hasa kwenye mpira mfupi unaounganisha silinda mbili juu ya tairi, kwa sababu pale pana kilima ambapo mapovu hujificha. Endelea mpaka yanayotoka juu hayana hata povu dogo, kisha funga matundu yote mawili. Mwagiko wowote uliofika kwenye rimu unakurudisha kwenye spiriti na kitambaa cheupe, kwa hiyo toa gurudumu na pedi kabla ya kuanza.

Kwa wenye breki za waya, nguvu hupotelea kwenye ganda la waya. Ganda lililokatwa kwa koleo butu lina ncha iliyopondeka, na kila unapobana, ncha ile inajikunja kwanza kabla waya haujavuta. Likate kwa kifaa kikali, lisawazishe kwa tupa, livalishe kofia zake, na liwe fupi kadiri hendeli inavyoruhusu kugeuka. Mkono wa breki nao uwe wa aina inayovuta waya mrefu, unaolingana na breki za mikono miwili. Mkono wa breki za kizamani hauvuti waya wa kutosha, na hilo halirekebishiki kwa kukaza.

Rimu iliyopinda nayo inakulazimisha uziweke pedi mbali, na umbali ule unaulipa kwa safari ndefu ya mkono. Nyoosha rimu kwanza, kisha sogeza pedi mpaka kila upande ubaki na milimita moja au mbili. Halafu tazama kidole chako kinakaa wapi. Wengi huweka mkono wa breki ukiwa umebanana na mpira wa kushikia, kidole kikaangukia katikati ya mkono. Sogeza mkono ndani kuelekea katikati ya hendeli mpaka kidole cha shahada kiangukie ncha kabisa. Umeongeza nguvu bila kununua kitu, kwa sababu ncha iko mbali zaidi na mhimili. Pembe yake iwe ile ambayo kifundo cha mkono hakikunjiki ukiwa umesimama, kwa kuwa trialsi haiendeshwi kwa kukaa.

Siku ya kwanza baada ya kazi hii yote, usiende kwenye mawe. Tafuta nyasi. Anza na breki ya nyuma kwa mwendo wa kutembea, ibane na kuiachia mara nyingi mpaka kidole kijue ni kiasi gani kinatosha sasa, maana kiasi cha jana kitakuwa kikubwa mno. Ikiwa na rimu ya mbele umeisaga, ipe breki yake muda: ukiwa unashuka mteremko, ibane kwa kugusa tu, mwili ukiwa nyuma na viwiko vimelegea. Breki ya mbele iliyofunga kweli kweli haimpi mtu nafasi ya pili, inamrusha juu ya hendeli. Vaa helmeti na kinga za ugoko, na mwambie yeyote atakayekuazima baiskeli kwamba breki si ile aliyoijua.